Mstari Uliopatikana na Hatia

Ilikuwako nchi moja, na kwa taarifa nilizo nazo bado iko, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu nina mama, na mama ana presha. Ilikuwa nchi nzuri tu. Ilikuwa na bendera, wimbo, magereza na mchezo wa taifa. Mchezo wenyewe ulikuwa pikoboli.

Kwa wasioujua, pikoboli ni mchezo wa watu wasiopenda kukimbia sana. Kiwanja ni kidogo, wavu unaishia kiunoni, mpira ni wa plastiki wenye matundu, na kila mchezaji anashika kibao kinachomfanya aonekane kama mtu aliyetoka jikoni kumfukuza kuku. Mnacheza wawili kwa wawili. Ukifika, unatundika kibao chako kwenye uzio, nyuma ya vibao vya waliokutangulia. Zamu ikifika, unaingia na yule ambaye kibao chake kiko jirani na chako, awe daktari, awe muuza mkaa. Mkimaliza mnagonganisha vibao juu ya wavu, mnaulizana habari za watoto, mnakunywa chai. Ndoa kadhaa zilianzia kwenye foleni ile ya vibao, na kadhaa ziliishia pale pale, maana humjui mume mpaka ucheze naye upande mmoja.

Mchezo huu hauna refa. Hapo ndipo penye utamu wake, na hapo ndipo shetani alipopitia. Kanuni inasema mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye wa kusema kama umeanguka ndani ya mstari au nje. Na ukiwa na shaka, mpe mpinzani. Nchi nyingine kanuni hii inawafunza watu uungwana. Nchi ile watu walikuwa na shaka tangu wanazaliwa. Ndivyo walivyolelewa.

*

Mkuu wa nchi aliitwa Mtukufu Mlezi. Daktari wake alimshauri atoe jasho, naye akachagua pikoboli kwa sababu ndio mchezo pekee aliokuta watu wanapumzika huku wakicheza. Akaupenda kwa dhati. Kila alasiri, akishaamka usingizi wa mchana, alikuwa kiwanjani, anapiga mpira kama mtu anayeua nyoka. Alitaka kiwango chake kiinuke. Makocha wake walimwambia kila siku kwamba leo amekuwa bora kuliko jana, na kwa kuwa hata jana walisema hivyo hivyo, ilikuwa vigumu kujua alianzia wapi.

Raia nao hawakubaki nyuma. Kulifunguliwa Chuo cha Taifa cha Pikoboli, na somo kuu pale lilikuwa kukosa. Usidharau. Kuna kukosa kwa heshima, kuna kukosa kwa mshangao, na kuna kukosa huku unampongeza aliyepiga, ambako kunataka pumzi. Mimi mwenyewe nina cheti cha kukosa kwa mkono wa kushoto. Nilitaka niendelee na shahada, lakini kwenye mtihani wa vitendo niliupiga mpira kwa bahati mbaya.

Sasa Jumamosi moja Mtukufu alikuwa anacheza dhidi ya Waziri wa Michezo na Chokaa, Mheshimiwa Ngwamba. Mtukufu akaushindilia mpira, ukapita juu ya wavu, ukapita juu ya Waziri, ukapita mstari, ukaangukia kwenye baiskeli ya muuza aiskrimu. Mheshimiwa Ngwamba akageuka akaangalia. Akaona. Alipoona, akapata shaka.

"Ndani," akasema.

Mambo yangeishia hapo kama si gazeti kutoa picha. Pichani kulikuwa na Mtukufu, mstari, halafu mpira umekaa juu ya koni za aiskrimu. Nchi ikawa na maneno mawili yanayopishana: neno la Waziri na neno la mstari. Baraza la Mawaziri likakaa kikao cha dharura, na Mheshimiwa Ngwamba akatoa hotuba ambayo siku hizi inafundishwa shuleni.

"Raia wa nchi hii hasemi uongo," alisema. "Mtukufu naye hakosei. Sasa aliyebaki ni nani, ndugu zangu?"

Wakatazamana. Aliyebaki alikuwa mstari. Ukapatikana na hatia ya kukaa mahali pasipostahili, ukafutwa, ukachorwa upya nyuma ya baiskeli. Ikatungwa pia Sheria ya Chokaa, fupi ili kila mtu aielewe: neno la mchezaji likipishana na mstari, mstari utalifuata neno.

*

Kiwanja kikaanza kukua. Upande wa Mtukufu haukuguswa. Ulibaki mdogo, wenye kivuli na feni. Uliokua ni upande wa wapinzani. Kila mpira uliopotea ulisemwa ndani, na kila uliposemwa ndani vijana wa chokaa walikimbia na ndoo zao kuupeleka mstari mpira ulikofika. Wahandisi wa jeshi wakamtengenezea Mtukufu mpira usio na matundu, kwa hoja kwamba matundu ni dalili ya upungufu, nao ukawa unaruka kama bomu. Kiwanja kikameza stendi ya baiskeli. Kikameza bustani ya posta, kikavuka barabara ya lami, kikaingia uwanja wa shule ya msingi, watoto wakawa wanafanya mazoezi ya viungo wamekaa.

Wapinzani walipelekwa kuufuata mpira kwa pikipiki. Baadaye hata pikipiki zikaachwa. Mpinzani alisimama pale kwenye wavu, akisikia "paa" tu anasema ndani bila kugeuza shingo. Ilionekana ni maendeleo.

Ndipo mpira ukafika mtaani kwetu, Vibambani.

Ulianguka barazani kwa Shangazi Siwema. Shangazi yangu huyu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na nyumba yake aliijenga kwa sare hizo: sketi zilitoa msingi, kaptula zikatoa kuta, na bati lilitoka kwenye sweta za mwaka ule wa baridi. Ana bata uani na ulimi mdomoni. Mpira ulipoangukia kwenye cherehani, kule mjini mtu alishasema ndani, na kabla chai haijapoa vijana wa chokaa walikuwa wanachora mstari nyuma ya choo chake. Aliyewaongoza, Afisa Chokaa Daraja la Pili, kijana mpole mwenye shati jeupe, akachukua rangi nyekundu akachora X ukutani.

Shangazi akauliza hiyo X ni ya nini. Afisa akamweleza kwa adabu kwamba kitu chochote kilichomo ndani ya mistari na si mchezaji kinaitwa kizuizi, na vizuizi vinabomolewa. Mwenye nyumba atapewa shukrani za taifa.

"Na mchezaji habomolewi?"

"Mchezaji tutambomoaje, mama? Atacheza nani?"

"Mchezaji ni nani?"

Afisa alikuwa hajawahi kuulizwa hilo. Akafikiri, akasema mchezaji ni mtu ambaye kibao chake kimeshika foleni kwenye uzio, naye mwenyewe anasimama ndani ya mistari. Shangazi akaitazama mistari, akajitazama miguu. Akaingia ndani akatoka na kibao chake cha kusukumia chapati, bado kina unga pembeni.

"Mwanangu," akaniambia, "nenda kanitundikie hiki."

Nikaenda nikakitundika. Hakuna aliyethubutu kukigusa, maana foleni ya vibao ilikuwa kitu kitakatifu. Mtukufu mwenyewe aliwahi kuwaambia mabalozi kwamba kwetu hata kibao kina zamu yake, nao wakaandika. Kibao cha chapati kikasogea siku baada ya siku, mpaka zamu yake ikaangukia mechi kubwa ya Jumamosi: Mtukufu na kocha wake upande huu, Mheshimiwa Ngwamba na Shangazi Siwema upande ule.

Afisa alikuja kuonya kwamba hilo linamwokoa Shangazi, si nyumba. Nyumba haina kibao. Mechi ikiisha mstari ukiwa bado nyuma ya choo, tingatinga linaingia. Na tingatinga lenyewe lilikuwa limeshaegeshwa kona ya mtaa, dereva wake amelala na soksi juu ya usukani.

*

Jirani wa Shangazi alikuwa Mjumbe Sufiani, mjumbe wetu wa nyumba kumi, mtu wa tai hata msibani. Mstari ulipita kwenye ukuta wake wa nje bila kuingia, naye alichukulia hiyo kuwa ni heshima. Alikuwa mzalendo kiasi kwamba ukipiga hodi kwake anajibu, "Ndani, Mtukufu." Akaja kumwambia Shangazi kwamba anauharibia mtaa sifa.

"Mtaa upi, Mjumbe?" Shangazi akamuuliza, uzi uko kinywani. "Huu wenye X?"

Kazi ya kumfundisha Shangazi nikapewa mimi, kwa sababu ya kile cheti. Nilimrushia mipira pale uani, katikati ya bata na kaptula zilizoanikwa. Tatizo lilijitokeza mapema: kila mpira anaupiga.

"Shangazi, usiupige. Ukose."

"Niukose vipi, nao umenifuata mwenyewe?"

Nikaona niache vitendo nimpe nadharia. Nikamwambia kazi yake hasa ni neno moja. Mpira ukianguka, aseme ndani.

"Na ukianguka nje?"

"Unasema ndani."

"Na ukiwa bado uko hewani?"

"Unasema ndani mapema, unapata sifa."

Akacheka mpaka bata wakakimbia. Halafu akaitazama ile X, akaniuliza kama neno lile la pili nalo linafundishwa chuoni. Nikamwambia halimo kwenye mtaala. Akasema basi asante mwanangu, umenisaidia sana, nenda kapumzike. Sikupumzika. Sauti ile naijua. Ndiyo aliyoitumia siku alipomtoa marehemu mjomba nyumbani.

*

Jumamosi ikafika. Waziri alisimama kwenye wavu, Shangazi alisimama mahali pake pa nyuma, yaani barazani kwake, na kibao cha chapati mkononi. Kati yao palikuwa na uwanja wa shule, barabara na posta. Kipaza sauti kilifungwa kwenye nguzo ya baraza ili taifa lisikie. Toka pale, Mtukufu alionekana kama kofia nyeupe tu.

Kofia ikainama, ikapiga. Mpira ukavuka barabara, ukavuka shule, watu wakawa wanaufuata kwa shingo kama kuku wanaotazama mwewe. Ukaanguka uani kwa Shangazi katikati ya bata. Bata mmoja akaukalia.

Kwa mujibu wa chokaa, mpira ule ulikuwa ndani bila ubishi. Mstari ulikuwa kule nyuma ya choo. Mheshimiwa Ngwamba alikuwa ameshafungua mdomo kwa mazoea, lakini anayetoa neno ni aliye karibu na mpira. Shangazi akautazama mpira. Akautazama wavu, ambao toka pale ulikuwa kama uzi uliotolewa kwenye pindo.

"Nje," akasema.

Neno likapita kwenye vipaza sauti nchi nzima. Lilikuwa halijasikika kiwanjani tangu kizinduliwe, hata watoto wadogo waliwauliza mama zao ni lugha gani. Mheshimiwa Ngwamba akaomba mama arudie, pengine mitambo ina hitilafu.

"Mitambo mizima," Shangazi akajibu. "Mpira wa kuangukia kwenye bata wangu, na wavu wenu uko kule posta, utakuwaje ndani, baba? Mchezo gani huo?"

Wataalamu wa chokaa wakakusanyika chini ya mwavuli. Neno la mchezaji limepishana na mstari. Sheria iko wazi. Na raia hasemi uongo, Waziri mwenyewe alisema hivyo kwenye hotuba inayofundishwa shuleni. Hawakuwa na ujanja. Afisa wa Daraja la Pili akachukua ndoo, akafuta mstari wa nyuma ya choo, akachora mwingine mbele ya geti la Shangazi. Nyumba ikawa imetoka kiwanjani. X ikabaki ukutani haina kazi, kama mgeni aliyekosea arusi.

Halafu tukaona magari. Mtukufu alikuwa anakuja, msafara mzima, juu ya kiwanja chake mwenyewe. Mjumbe Sufiani akaondoka mlangoni kwake ili asije akahesabiwa kuwa jirani. Mtukufu akashuka, akasimama mbele ya Shangazi. Kwa karibu ni mtu mfupi kuliko kwenye noti. Akasema kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi.

"Kwa kiasi gani?"

"Nini, baba?"

"Ulikuwa nje kwa kiasi gani?"

"Kwa shule nzima na barabara, Mtukufu. Kwa nguvu ile hata ungetupa mtego wa panya ungemuua simba."

"Makocha waliniambia niongeze nguvu."

"Wao wanakaa wapi?"

Mtukufu alitikisa kichwa kama mtu anayeonja chumvi, akarudi garini.

*

Hapo ungedhani mambo yamenyooka. Hujaijua nchi ile. Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba Mtukufu ameonekana akitikisa kichwa baada ya kusikia neno "nje", na wachambuzi wakakubaliana kwamba kichwa kilitikiswa kwa furaha. Kesho yake Mheshimiwa Ngwamba akatangaza enzi mpya ya ukweli. Chuo cha Pikoboli kikabadilisha mtaala. Kuanzia siku hiyo, kila mpira wa Mtukufu ulisemwa nje.

Mpira ukianguka mbali, nje. Ukianguka katikati ya kiwanja, nje, Mtukufu, hongera sana. Mstari ukawa unarudi nyuma mbio. Tukarudishiwa uwanja wa shule, tukarudishiwa barabara, posta ikamwagilia bustani yake, na dereva wa tingatinga akavaa soksi zake akaondoka. Tulisherehekea. Lakini mstari ulipofika mahali pake pa zamani haukusimama. Ukaendelea kuufuata wavu. Upande wa wapinzani ukawa na upana wa mkeka, kisha wa leso, kisha wapinzani wakawa wanasimama kwa ubavu.

Na kichekesho ni kwamba Mtukufu alikuwa anajifunza kweli. Aliwafukuza makocha. Walinzi walisema anafanya mazoezi peke yake, anaupiga mpira taratibu, anausindikiza, anarudia. Akija kiwanjani anaambiwa nje. Hakupata pointi hata ya dawa. Wataalamu walikiita kipindi hicho uwazi.

Ndipo asubuhi moja akaja Vibambani na gari moja tu na mtu mmoja wa kumshikia mwavuli. Akamkuta Shangazi anatia vifungo. Akamwomba, na nasema akamwomba, aje kiwanjani asimame upande wa pili.

Habari zikafika kiwanjani kabla yao. Mtaa mzima ukamfuata Shangazi nyuma, na Mjumbe Sufiani akawa anatembea ubavuni kwake anambembeleza. Siwema, alisema, leo sema nje tu kama wenzako. Tumeshazoea amani. "Ukisema ndani mara moja, mistari itaanza tena kutembea. Na wa kwanza kubomolewa ni wewe, Siwema. Halafu mimi."

Shangazi akaongeza mwendo. Nilikuwa nimembebea kibao, akaninyang'anya akakibeba mwenyewe.

Mtukufu akasimama upande wake. Akavuta pumzi. Akaupiga mpira taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani. Ulikuwa mpira wa plastiki wenye matundu, ameutafuta mwenyewe dukani. Ukavuka wavu kwa upana wa kidole, ukadunda katikati ya kiwanja cha zamani, pale ambapo mstari halali ulikuwa bado unaonekana kidogo chini ya vumbi. Mawaziri walishaanza kupiga makofi, nje, nje, maana kwa chokaa ya siku ile ulikuwa nje kabisa.

Shangazi akainama, akapatazama pale mpira ulipodunda. Mjumbe alikuwa ameishika tai yake kwa mikono miwili. Nyumba ya sketi na kaptula ilikuwa imesimama kule Vibambani, na X yake bado ukutani.

"Ndani," Shangazi akasema. "Huu, Mtukufu, umepiga. Ndani."

Makofi yakakatika. Vijana wa chokaa wakaja polepole, wakaufuata ule mstari wa zamani uliofifia, wakaupaka upya. Kiwanja kikawa kiwanja. Mtukufu akavua kofia. Akajifuta macho kwa ukingo wa fulana, mbele ya mabalozi, kama mtoto aliyefaulu hesabu. Akaomba mpira mwingine, akarushiwa ule wa wahandisi usio na matundu.

Na hapo furaha ikampanda. Akasahau mazoezi, akasahau yai na meza, akaukusanya mkono wote nyuma, akapiga. Jinsi ulivyopita hatukuona. Tulisikia tu, kwa mbali, toka Vibambani, mlio wa bati.

Simu ya Mjumbe Sufiani ikalia. Alikuwa mke wake, anauliza ni mwendawazimu gani anayewarushia vitu juu ya paa.

Mawaziri walifungua midomo na midomo ikabaki wazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika siku ile linatumika neno gani. Mtukufu akaugeukia umati, kibao mkononi. Akasema umeanguka wapi, aseme mwenye paa.

Mjumbe akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anapangusa unga kwenye kibao chake, wala hakuinua macho. Mjumbe akailegeza tai. Akameza mate. Nadhani alimeza na vitu vingine vya miaka mingi.

"Nje, Mtukufu," akasema. "Tena bati lenyewe jipya."